Bahari Ina Mpimaji, Chungu Changu Hakina

Wifi yangu wa Muyinga ndiye aliyeniambia kwanza kwamba satelaiti hupima chumvi ya bahari kutoka angani. Alisikia redioni: hupima maji ya juu tu, unene wa kidole, na hujua wapi chumvi imezidi.

Juzi tulikwenda naye dukani hapa Yoba, Gitega. Binti yangu ana uvimbe shingoni, na muuguzi alisema tutumie chumvi yenye madini joto. Muuzaji alichota kwenye gunia lisilo na maandishi.

"Iko na madini joto?" wifi aliuliza.

Muuzaji akalamba kidole. "Chumvi ni chumvi, mama."

"Ya bahari inapimwa toka juu. We hii ya mkononi hujui?"

"Basi ita hiyo satelaiti yako ije ipime."

Wateja walicheka. Mimi nikalipa, na hasira haikuniisha hadi usiku. Bahari hatuna, lakini ina mpimaji. Mtoto wangu, ambaye shingo yake inavimba, hana.

Kesho yake asubuhi nilipeleka kijiko cha ile chumvi kituo cha afya. Muuguzi akaidondoshea dawa ambayo hugeuka buluu ikikuta madini joto. Chumvi ikabaki nyeupe. Nikarudi dukani, nikasimama kando ya gunia, na kila mama aliyefika nilimwambia, "Hii haina."