Nilivyomchongea Mwalimu wa Nyota

Miaka ile ya kisomo cha watu wazima nilikuwa nafundisha Kiswahili katika kanisa dogo la kambi ya mkonge, Ngombezi. Wanafunzi wangu walikuwa wake za wakata mkonge, wengi wao Waha kutoka Kigoma, ambao Kiswahili chao kiliishia kwenye salamu na bei ya dagaa. Niliwafundisha ba, be, bi mpaka koo likakauka. Walikuja, wakasinzia, wakaenda zao.

Kisha mchungaji akaniletea mwenzangu, binti wa Korogwe ya zamani aliyekuwa ametoka chuo cha ualimu. Siku ya kwanza aliwasha taa ya chemli, akamshikisha mama mmoja chungwa.

"Taa ni jua. Chungwa ni dunia. Upande huu ni mchana. Na huu wa nyuma?"

"Usiku!" wakaitikia, hata yule mama ambaye kwangu miezi miwili hakuwahi kufungua kinywa.

Akawauliza ni nani aliyeliweka jua mbali kiasi kile, likatuivishia mahindi bila kutuunguza. Wakajibu kwa sentensi nzima. Kwangu hawakuwahi kufika kwenye sentensi. Mwishoni walisali, kila mmoja akimshukuru Mungu kwa kitu kimoja cha angani: mwezi, mawingu ya mvua, nyota za Kilimia zinazomwambia mkulima muda wa kupanda umefika.

Nilipiga makofi pamoja nao, lakini moyoni nilikuwa nachemka.

Wiki chache baadaye darasa lake lilifurika hadi kibarazani. Langu lilibaki na wanawake watatu, na mmoja wao alikuwa kiziwi wa sikio moja, nadhani hakusikia wenzake wakihama. Nikaenda kwa mchungaji.

"Shikamoo, mchungaji. Yule dada anawasomea watu nyota kanisani."

Nilijua vizuri mtu akisikia maneno hayo ataelewa nini. Mchungaji alishtuka kama aliyeambiwa kuna mganga anapiga ramli madhabahuni. Kesho yake darasa likafungwa.

Nikawasubiri wanafunzi warudi kwangu. Alikuja mama mmoja tu, yule wa chungwa.

"Mwalimu, mwezi hutoa wapi nuru?"

Sikujua. Nikamwambia tutafika huko tukimaliza silabi. Akanitazama, akajitanda kanga yake, akaondoka.

Nililia kwa hasira, kisha kwa aibu. Jumamosi nikamwambia mchungaji ukweli, halafu nikaenda kwao yule binti. Nilimkuta akifunga mizigo. Alikuwa amepangiwa kijiji cha ujamaa upande wa Handeni, karibu na Kwamsisi.

"Ni mimi niliyekuchongea," nikamwambia.

"Najua, dada. Mchungaji hana siri." Aliendelea kukunja nguo. "Nilikukosea nini hata usinipende?"

"Hukunikosea. Walikupenda."

Akasogeza sanduku ili nipate pa kukaa. Kwa saa nzima alinifundisha: nuru ya mwezi ni ya jua, na nyota ya jioni na ile ya alfajiri ni moja. Hakusema amenisamehe, nami sikuthubutu kuuliza.

Mchungaji alifungua darasa tena. Nikawasha chemli, nikazungusha chungwa, nikaeleza yote bila kukosea. Nilipomaliza, yule mama alinipongeza kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Umejitahidi, mwalimu. Ila mwenzako alieleza vizuri zaidi."

Nilitabasamu. Wivu ukanichoma upya, hata yeye akiwa Handeni.