Mkate wa Wageni na Samaki wa Mume Wangu

Mume wangu alikuwa msafishaji katika kliniki moja ya Parklands. Daktari aliponunua tangi jipya la samaki la pale wagonjwa wanapongojea, alimpa lile la zamani pamoja na samaki wake, naye akalileta kwetu Waithaka likiwa limefungwa kwa blanketi. Nilicheka. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, hatukuwa na mtoto wala friji, na sasa tulikuwa na samaki wa dhahabu kando ya televisheni.

Aliwalisha kwa mpango. Chakula cha pakiti alikinunua mjini, lakini hakuwapa hicho kila siku.

"Wewe ukila ugali mtupu wiki nzima utakuwa na sura gani?" aliniuliza.

Basi siku nyingine alichemsha minji, zile njegere za kijani, akaimenya punje moja moja na kuiponda kwa vidole. Siku nyingine ilikuwa jani la spinachi lililolainika. Mvua ikinyesha alichota viluwiluwi vya mbu katika pipa la nje kwa kichungi changu cha chai, nami nikamgombeza mpaka akanunua chake. Jumapili hawakula kitu. Alisema tumbo la samaki ni dogo kama jicho lake, nalo linahitaji kupumzika.

Ukisogea karibu na kioo walipanda juu wakifungua midomo. Alisema wanamjua. Mimi niliona ni ulafi tu, kwa sababu walimfanyia hivyo mtu yeyote.

Alianguka kazini asubuhi moja. Wakamkimbiza hospitali iliyo karibu, haikusaidia.

Kuanzia jioni hiyo nyumba ilijaa. Kwetu mfiwa haachwi peke yake. Watu huja kila jioni mpaka siku ya mazishi, wanaomba, wanapanga safari, wanakunywa chai kwa mkate. Mimi niliwekwa chumbani juu ya godoro, wanawake wakanizunguka. Mjane hashiki kazi. Hata kikombe nilitiliwa mkononi kama mgonjwa.

Kupitia mlango uliokuwa wazi niliweza kuliona tangi. Nguo za mume wangu nilijua ndugu zake watagawana, na sikuwa na neno. Samaki hakuna aliyewataka. Nilitaka hao wabaki, kwa sababu ni yeye aliyewalea kwa mkono wake, na vitu vya namna hiyo sikuwa na vingine.

Mama mkwe alifika kutoka Murang'a jioni ya kwanza. Akasimama mbele ya kioo.

"Angalieni, hawa wako na njaa. Vile wanafungua mdomo! Wanamlilia mtu wao."

Akamega mkate wake, akautupa majini. Samaki wakaudaka. Watu wote waliokuwa wameinamisha vichwa wakainua macho, na kwa mara ya kwanza siku hiyo niliona mtu akitabasamu. Tangu hapo kila mgeni alipita pale na kipande chake.

"Wanenepeshe vizuri, mama," mzee mmoja wa kanisa akamwambia mama mkwe, "tuwale siku ya mazishi."

"Shindwe!" jirani yangu akamjibu. "Wewe hata kwa matanga unafikiria tumbo?"

Nyumba ikacheka. Mama mkwe alicheka pia, na alikuwa amefika akiwa hawezi hata kumaliza salamu.

Niliinuka nikachukua kichungi ili niutoe ule mkate. Jirani akanishika bega.

"Kaa chini, dada. Huu si wakati wa kushika kazi."

"Ni mkate. Unawadhuru."

"Mkate? Si sisi sote tunaula?"

Akaniongoza hadi godoroni kwa upole. Sauti yangu ilikuwa imekwisha kwa kulia, na kubishana sikuweza.

Maji yaligeuka meupe kama yaliyooshewa mchele. Maji ya mfereji ambayo mume wangu aliyaweka kwenye ndoo mpaka iishe dawa inayotiwa na kanjo, watu wa baraza la jiji, wanawake walikuwa wameyapikia chai. Asubuhi ya kwenda mochari samaki walikuwa wanaelea ubavu, matumbo yamefura. Mmoja tu alikuwa akipumua, chini kabisa kwenye kona. Nilimtia katika beseni la maji ya mfereji kwa kuwa hapakuwa na mengine. Shemeji yangu akawamwaga wale wengine nyuma ya choo, mbiombio, gari lilikuwa likingoja.

"Wamemfuata," mama mkwe akasema, na waliokuwepo wakaitikia.

Tulimzika kwao kukiwa na mvua. Baadaye mama mkwe alirudi nami Waithaka akae nami siku chache. Tulipofungua mlango samaki alikuwa hai, ameinama upande. Wageni walikuwa wameisha. Mama mkwe alivua koti, akatoa mkate mfukoni, akaenda kwenye beseni.

"Mama, usimpe."

"Mbona? Hajakula tangu tuende."

"Wale wengine hawakumfuata mtu. Ni mkate uliwaua."

Alisimama na kipande mkononi. "Mkate wangu?"

Ningeweza kusema ni wa wageni. Ingekuwa nusu ya ukweli.

"Wa kila mtu," nikasema. "Na wako, mama."

Aliketi polepole kwenye kiti kilichokuwa karibu.

"Mimi nilikuwa naona nikiwapa hao, ni kama nimempa yeye," akasema. "Sasa nitampa nani?"

Aliula mkate mwenyewe, mkavu, bila chai, akiwa ameelekea ukutani. Kulipopambazuka samaki alikuwa amekufa. Mama mkwe ndiye aliyembeba nje, mikononi, na alikataa nimfuate.