Siku Tatu za Shuka Kavu

Mtaa mzima ulimwita Mkono Mwepesi, kwa kuwa ndiye msusi pekee ambaye mtoto alisukwa kwake bila kulia. Lakini mwaka ule wa ukame mkono wenyewe ulielemewa. Amri ilikuwa ndoo mbili na nusu kwa kila mtu kwa siku, na nyumbani kwake walikuwa wawili: yeye na mama yake mzazi, aliyepooza miguu miaka minne iliyopita na hakuweza tena kuzuia mkojo. Shuka mbili, wakati mwingine tatu kwa siku. Hebu zifue hizo kwa ndoo tano, kisha upike na uoge, uone.

Alikwisha kupewa karatasi moja ya onyo kwa kuzidisha kipimo. Ya pili ikija, mafundi wangetia kizibo kwenye bomba, maji yatoke kwa matone. Walioonja adhabu hiyo walisema ndoo moja hujaa kwa nusu siku. Kwa hiyo wateja aliwaambia waje na vichwa walivyooshea kwao. Na kila kulipokucha aliikimbilia mita, roho juu, kabla hata ya kumwamkia mama yake.

Ulimi hauna mfupa. Siku moja, akiwa amechutama anakamua shuka, neno lilimtoka: "Mama nawe! Utatufungisha maji." Alisema kwa utani, tena akacheka. Mama naye akacheka.

Tangu hapo mambo yakamnyookea. Shuka zikapungua, ikawa moja kwa siku, halafu siku tatu mfululizo zikawa kavu kabisa. Hata jagi la maji ya kunywa kando ya kitanda likaingia baraka: alimmiminia mama kikombe, na akirudi alikuta kikombe kitupu na jagi bado limejaa. Mwingine angejiuliza. Yeye alimshukuru Mungu, akalifunika jagi, akarudi kwenye vichwa vya watu.

Asubuhi ya siku ya tatu akaja mkaguzi wa maji, ambaye mtaa ulimbandika jina la Bwana Tone. Mkono Mwepesi alikuwa barazani akimsuka muuguzi wa zahanati ya jirani. Nusu ya kichwa mistari, nusu bado nywele zimesimama. Bwana Tone aliinamia mita, akaandika, akakuna kidevu.

"Hongera, dada. Umeshuka mpaka ndoo tatu kwa siku. Bi mkubwa amesafiri?"

"Asafiri kwa miguu ipi? Yumo ndani."

"Sasa mwenzetu anatumia nini?"

Bwana Tone aliuliza huku akicheka, lakini kitana kilimdondoka msusi. Alilikumbuka jagi lililojaa, na kikombe kitupu, na mikono ya mama yake, ambayo haikupooza.

Aliingia ndani, akamkuta amelala chali, midomo imepasuka, macho yamezama. "Dada, umekuja?" mama alimwuliza, akimtazama binti yake wa kumzaa kama ndiye dada yake aliyekufa zamani. Mkono Mwepesi alipiga yowe.

Muuguzi aliingia mbio na kichwa chake cha nusu. Alibana ngozi ya mkono wa mgonjwa, nayo ikabaki imesimama. "Huyu hajanywa kitu kwa siku kadhaa."

"Mama, kwa nini?"

"Shuka zinakula maji," mama alinong'ona. "Nilikuwa nayarudisha kwenye jagi."

Bwana Tone ndiye aliyembeba mpaka kwenye pikapu yake ya kazi. Zahanati wakamtundikia dripu. "Sasa tunangoja mkojo," muuguzi alisema. "Ukitoka, tutajua figo zinafanya kazi. Usipotoka..." Akajitia kukagua sindano.

Saa tano ikapita, na sita, na saba. Kila baada ya muda mfupi Mkono Mwepesi alipitisha kiganja chini ya mama yake. Pakavu. Miaka minne kiganja kile kiliingia pale kikiomba kukuta pakavu, na sasa ukavu ule ule ulimtia baridi mpaka kwenye mifupa. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa mita au karatasi yoyote. Alijiona muuaji, na alijiambia hivyo waziwazi, kwa sauti, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akamgeukia.

Saa tisa kasoro, kiganja kikagusa joto. Aliganda hapo hapo, asiamini. Kikalowa.

Mama akafumbua macho, na safari hii alimtambua. Aibu ikamjaa usoni. "Nisamehe, mwanangu. Nimelowanisha tena."

Mkono Mwepesi akachukua kikombe, akakisogeza kwenye ile midomo iliyopasuka.

"Kunywa, mama," alisema huku machozi yanamtiririka. "Kunywa, ukojoe tena."