Brashi Ndogo Kwenye Daraja la Tshopo

Waasi walipoushika mji wetu, nilikuwa muuguzi kijana, nimetoka shuleni juzi tu. Mtawa aliyetufundisha alitaka tujue jina la kila dawa limetoka wapi. Penisilini, alisema, linatokana na neno la Kilatini, maana yake brashi ndogo. Kuvu inayotoa dawa hiyo, ukiitazama kwa hadubini, ina vishungi kama nywele za brashi ya mchoraji. Nililipenda jina lile.

Mama mdogo wangu alikuwa Bengamisa, ng'ambo ya mto Tshopo, mguu umejaa usaha baada ya kujikata na panga shambani. Hospitalini walinipa vichupa vya penisilini ya unga, nikavifunga kwenye kitenge, nikapanda lori. Kwenye daraja la Tshopo waasi walitusimamisha. Kijana mwenye bunduki akavikuta.

"Hii unga iko nini?"

"Penisilini, papa. Dawa ya vidonda."

"Jina ya wazungu. Maana yake nini?"

Ningesema sijui, yangekwisha. Lakini swali nililiweza, nikajibu kama niko darasani: "Iko brosi ya kidogo."

Akawaita wenzake. "Mademoiselle anasema iko brosi! Tutapaka mutu rangi?"

Walicheka. Nami, badala ya kunyamaza, nikazidi kueleza: inatoka kwenye kuvu, kama ile inayoota juu ya mkate uliolala. Hapo kicheko kikakatika.

"Donc, basi, unapelekea watu yetu vitu vya kuoza? Iko sumu!"

Akavitupa mtoni, kimoja baada ya kingine. Lori likaondoka bila mimi. Nilirudi mjini kwa miguu nikilia kwa hasira. Kila nilichosema kilikuwa kweli, na hakuna hata neno moja lililonisaidia.

Ilichukua karibu wiki kupata vichupa vingine. Safari hii mlinzi wa daraja alikuwa mwingine.

"Inaitwa je?"

"Dawa ya kidonda, papa."

"Bon. Pita."

Hivyo tu!

Sindano zilimwokoa mama mdogo, lakini usaha ulikuwa umeshaingia gotini, na goti lile halikukunjika tena. Aliponiuliza kwa nini nilichelewa, nilimsimulia yote, brashi na kuvu na mto.

"Sasa mwanangu, mutu na bunduki unamufundisha Kilatini ya nini?"