Mlio wa Sufuria Mwaloni

Domitila, ambaye sote tunaonunua samaki pale mwaloni, mitumbwi inapoegeshwa, tunamwita Mama Goodness, ana kinywa. Akishakutajia bei ya perege wake utalipa tu, ili akuache uende zako.

Asubuhi ile mumewe, Herieli, aliutazama mlima Kwaraa, akauona hauna hata wingu, akasukuma mtumbwi. Sisi wa Babati tunauamini mlima ule kuliko redio. Ukijifunika, mvuvi mwenye akili haingii ziwani. Lakini mvua za siku hizi hazina adabu, na hii ilikuja kutoka nyuma yetu, upande wa Dareda, na upepo wa kung'oa mabati.

Mitumbwi mingine ilirudi mbio. Wa Herieli haukuonekana. Mvua ilikuwa nzito hata ziwa lenyewe hulioni, na upepo ulikuwa unasukuma kila kitu kuelekea kwenye matete, wanakolala viboko. Mtumbwi ukifika kule, basi tena.

Mama Goodness alikuwa na sufuria ya uji aliomletea mumewe. Akaumwaga, akaokota jiwe, akaanza kuipiga kwa nguvu zote, ili Herieli ajue nchi kavu iko wapi.

Mara mtumbwi ukatokea ndani ya mvua, kama kivuli, mtu amepiga magoti anapiga kafi. Tukashangilia. Halafu ukageuka, ukatupa mgongo, ukaanza kurudi katikati ya ziwa. Mama Goodness akazidisha kupiga.

Mzee Amos, aliyekuwa anafunga mtumbwi wake, akaja mbio.

"Mama Goodness, acha! Unamfukuza!"

Hapo Mama Goodness akakumbuka. Kwetu mvuvi akimwona kiboko hugonga ubavu wa mtumbwi, ko ko ko, wenzake wasisogee. Mke wa mvuvi analijua hilo kabla hajajua kuparua samaki. Lakini hofu ikimwingia mtu, akili inahama, na muda wote ule alikuwa anamwambia mumewe kwamba mwaloni kuna kiboko, asije.

Sufuria ikamtoka mkononi. Akaita, "Baba Goodness! Baba Goodness!" Upepo ukaimeza miito yote miwili. Mtumbwi ulikuwa unafifia. Akavuta pumzi, akaita, "Herieliii!"

Wote tukageuka kumtazama. Tangu Goodness azaliwe hakuna aliyewahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina, sembuse mbele ya mtu mzima kama Mzee Amos. Hakujali. Aliita jina lile tena na tena mpaka sauti ikakwaruza, na mimi nikawa nasali kimoyomoyo bila hata kufumba macho.

Mtumbwi ukageuka.

Ulipogusa matope Herieli alikuwa anatetemeka, hana wavu, hana samaki hata mmoja. Mzee Amos akamshika mkono kumteremsha.

"Pole, mwanangu. Ulisikia unaitwa?"

"Nilisikia, mzee. Nilimsikia marehemu mama." Meno yalikuwa yanagongana. "Hakuna mwingine aliyekuwa akiniita hivyo. Nikasema basi, saa yangu imefika, amekuja kunichukua. Nikaifuata sauti."

Tulimtazama Mama Goodness, tukingoja kile kinywa chake. Alifungua kanga yake ya juu, iliyolowa chapachapa, akamfunika nayo mumewe mabegani.