Kihispania Hakina Shangazi

Juzi, kwenye treni ya kwenda Sandton, hapa Johannesburg, mama mmoja Mrundi ambaye huwa tunakaa naye kiti kimoja kila asubuhi aliniambia bintiye anaanza sekondari na amechagua Kihispania. "Wewe si ulikisoma? Hebu niambie, ategemee nini huko?" Nikamjibu harakaharaka, maana treni ile haikupi nafasi ya hadithi ndefu. Ategemee kuimba sana, kuhesabu sana, na kutembea barabarani akitaja rangi za magari kama mwenda wazimu. Akacheka. Tukashuka, kila mtu akashika njia yake. Lakini kutwa nzima ofisini sikufanya la maana, nimekaa tu natazama kioo cha kompyuta. Nilikuwa nimerudi darasani.

Kwanza niseme ukweli: mie sikukichagua. Tulikuwa tumepanga chumba mtaa wa Bellevue, katika nyumba kubwa ya zamani iliyokatwakatwa vyumba, na shule ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Darasa la nane kila mwanafunzi alitakiwa achukue lugha ya kigeni. Mie nilitaka Kifaransa. Nafika kwenye meza ya kujiandikisha, naambiwa kimejaa! Watoto wa Kikongo walikuwa wameshakivamia, watu wanaoota ndoto kwa Kifaransa, eti wamekwenda kujifunza Kifaransa. Alama za bure hizo. Mpaka leo nikikumbuka nakasirika. Mwalimu wa zamu akaniandika upande wa pili wa karatasi, ambako kulikuwa na nafasi tele. Tulikuwa watu kumi na mmoja.

Mwalimu wetu naye alitushangaza. Tulitegemea mzungu, labda mwenye ua nyweleni. Akaingia mama mweusi tii, mpana, amejifunga kilemba cha kitenge, anatoka Guinea ya Ikweta, nchi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba ipo. Msichana wa Soweto aliyekaa nyuma yangu akasema, "Eish." Yule mama akatabasamu, akatuambia tumwite Profe, yaani mwalimu, kisha akazungumza Kihispania kitupu mpaka kengele ilipolia. Hakututafsiria hata neno moja. Nami nikwambie, hilo ndilo jambo la kwanza la kutegemea: siku ya kwanza hutaelewa kitu, na hakuna atakayekuonea huruma.

Kipindi kilikuwa saa saba na nusu mchana, baada ya kula. Madirisha yalitazama magharibi, na jua la Johannesburg likishapita utosini linaingia ndani taratibu, linakaa juu ya meza, linakaa mikononi mwako. Vumbi la chaki linaelea. Profe anasema neno, sisi tunalirudia, anasema jingine, tunalirudia, sauti kumi na moja zimelegea kwa shibe. Siku za wiki, rangi, namba, miezi. Nilikuwa sijalala wala siko macho. Miezi ya mvua, kabla ya saa tisa, anga linafunga, radi zinaanza kunguruma mbali kule upande wa migodi, na sisi bado tunahesabu, ishirini na moja, ishirini na mbili, mpaka mvua inaangukia bati la varanda na hatusikiani tena. Profe hakunyamaza. Aliendelea kusogeza midomo, nasi tukamfuata kwa midomo tu. Sijawahi kuwa na raha kama ile.

Na sauti zake zilikuwa zetu! A ilikuwa a, e ilikuwa e. Kiingereza kilikuwa kimenitesa miaka mingi kwa herufi zinazoandikwa hivi na kusomwa vile, na hapa ninakaribishwa na lugha ambayo unaisoma kama ilivyoandikwa, basi. Meza yao ni mesa. Sukari yao ni azúcar. Ile j yao, inayosomwa kama kh ya mwanzo wa kheri, ambayo wenzangu waliikohoa mpaka machozi yakawatoka, mie niliitoa kama nimekaa barazani kwetu Tanga, japo Tanga nilitolewa nikiwa na miaka minne.

Tulikuwa na kitabu. Sura ya tatu ilikuwa na picha ya familia: mama, baba, mtoto wa kike, mtoto wa kiume, mbwa. Baba amevaa sweta la kijani, amekaa mezani, mbele yake kuna chungwa. Huyu ni baba. Baba yuko nyumbani. Baba anakula chungwa. Tuliiimba sura ile wiki mbili, na mie nikahamia humo. Nilifungua mlango wao, nikavua viatu, nikakaa upande wa pili wa meza. Yule baba hakusema kitu kikubwa. Alikuwa yuko nyumbani tu. Wenzangu waliona sura hiyo inachosha, mie nilitamani isiishe.

Kwa sababu wetu hakuwa nyumbani. Miezi saba nyuma alikuwa amekwenda Cape Town na kazi ya lori, akasema wiki tatu. Wiki tatu zikawa miezi, kisha ukaja ujumbe mfupi kwenye simu ya mama: ana mji na mke mwingine huko, asingojewe. Mama aliusoma amesimama, akaweka simu kifudifudi, akaendelea kukaanga sambusa za watu. Jioni akanikalisha kitandani. "Hili ni letu wawili. Bibi yako asilisikie, mtu yeyote asilisikie. Wakijua shangazi zako, nimekwisha." Shangazi zangu, yaani dada zake baba, walikuwa wanne, na wote walikaa mtaa mmoja na Bibi, mama yake mama, kule Tanga. Tangu siku ya harusi walikuwa wakisema mama hatamweza kaka yao. Nikaapa. Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na siri ile ilinikaa kifuani usiku na mchana, nikila ipo, nikicheka ipo.

Kila Jumapili baada ya chai tulipiga simu Tanga, spika imewashwa. Bibi anauliza, "Habari za huko?" Mama anajibu, "Nzuri, alhamdulillahi." "Mume hajambo?" "Hajambo, yuko kazini." Jumapili asubuhi, kazini, miezi saba mfululizo! Nilikuwa nainama natazama kucha zangu. Sasa, mtu wa kwetu akiulizwa habari husema nzuri hata kama nyumba inaungua, hilo kila mtu analijua. Lakini akishasema nzuri, hufuata ila. Nzuri, ila mtoto ana homa. Nzuri, ila tumefiwa. Mama alikuwa ameibakiza ile nzuri, akaikata ila.

Nami nikaipeleka tabia hiyo darasani. Profe alikuwa na desturi moja ambayo hakuiacha siku hata moja. Kabla ya somo anapita meza kwa meza, anakutazama machoni, anauliza: ¿Cómo estás? Hujambo, yaani, u hali gani. Ukutani zilibandikwa sura za karatasi, moja imecheka, moja imenuna, moja inalia, moja imesinzia, na neno chini ya kila moja. Unajibu, kisha anauliza kwa nini, nawe ujitahidi kueleza. Wenzangu waliufurahia sana mchezo huo. Nina huzuni kwa sababu mbwa wangu anaumwa. Nimechoka kwa sababu ya hesabu. Mie, kila siku ya Mungu: bien, gracias. Nzuri, asante. Aliyesema bien hakuulizwa kwa nini. Nilikuwa nimeshaligundua hilo tangu wiki ya kwanza.

Katikati ya muhula ukaja mtihani wa kuzungumza. Profe alitandaza kadi kifudifudi, kila mtu akaokota moja, na sura iliyo kwenye kadi yako ndiyo hali yako siku ya mtihani. Utaulizwa u hali gani, familia yako i hali gani, na kwa nini. Nikaokota. Mdomo umepinda chini, na neno lenyewe: mal. Vibaya. Baada ya kengele nikabaki nyuma, nikamwomba anibadilishie.

"Ni mchezo tu," akasema. "Utatunga."

"Kwetu hatusemi hivyo, Profe. Ukiulizwa, unasema nzuri."

Alikuwa anakusanya kadi zake. "Mama yangu pia alikuwa hivyo," akasema. Akanipigapiga begani, na kadi hakunibadilishia.

Jumamosi ile mchana mama alikuwa anasukuma manda za sambusa, unga umemjaa mpaka viwikoni. Nilihitaji mtu wa kuniuliza maswali. Mama aliishia darasa la saba, lakini nilipoiegemeza karatasi ya maswali kwenye kopo la chai alikisoma Kihispania chote bila kukwama, kila herufi mahali pake. Nilimtazama mdomo wazi. Akaniuliza u hali gani. Nikajibu. Akaniuliza mama yako yu hali gani. Nikajibu.

"Hiyo mal ndiyo nini?"

"Vibaya."

"Nani vibaya?"

"Mama. Wa kwenye karatasi."

Akaacha kusukuma. "Mie nilikukanya nini? Hebu nikumbushe, weye mtoto, nilikukanya nini? Umekwenda kunitangaza shuleni?"

"Ni mtihani, mama! Kadi imesema hivyo!"

"Kadi!"

Hapo nikapasuka. Sijui yalikotoka maneno. "Basi niseme nini? Niseme baba yuko kazini? Kila Jumapili yuko kazini? Nimechoka, mama! Nimechoka kuwa mzima!" Nikalia kwa sauti, kilio kibaya cha mtoto mdogo, na ukuta wenyewe wa mbao, fundi cherehani wa Kikongo chumba cha pili akazima mashine yake.

Mama hakunipiga wala hakunibembeleza. Alikaa kwenye kindoo, mikono imening'inia. Dirishani jua lilikuwa limefika pale pale linapofika darasani, na unga ulielea kama ile chaki, nami nikahisi nimo ndani ya kipindi, nimesinzia.

"Huko kwa huyo mwalimu wako," akasema mwishowe, "kuna mtu wa Tanga?"

"Hakuna."

"Una hakika? Hakuna mtu mwenye wifi, mwenye nani?"

"Kihispania hakina shangazi, mama."

Akacheka. Loo, alicheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wenye unga. Kisha akasema, "Haya. Niulize mie."

Nikamwuliza, ¿Cómo estás? Akafungua kinywa, akafunga, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi. "Mal," akasema. Akalirudia. Akaniuliza neno ameondoka wanalisemaje. Nikamwambia: se fue. "Se fue," akasema mama. "Se fue." Alilitamka vizuri kuliko darasa letu zima, na machozi yakamtiririka, wala hakuyaficha. Wiki ile nzima nilimsikia, anaosha vyombo, anachota maji, anasema polepole kama anayeimba: se fue, se fue. Kila siku sauti ilizidi kuwa ya kawaida.

Jumatano nikafanya mtihani. Nikasema mama yangu hali yake mbaya, baba aliondoka. Nilisema nimesimama wima. Profe alikuwa ameshika kalamu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza kwa nini. Alama alinipa nzuri, na aliniacha nikakae dirishani mpaka kipindi kikaisha.

Jumapili mama akapiga simu Tanga. Nilikuwa nakunywa chai. "Habari za huko?" akauliza Bibi. Mama akaivuta simu karibu. "Nzuri," akasema, nami nikaweka kikombe chini kwa hasira. "Nzuri, ila mume wangu ameniacha, mama. Huu ni mwezi wa nane tangu aondoke."

Bibi akavuta pumzi. "Nalijua kitambo, mwanangu. Dada zake walinitapikia yote hapa barazani. Nilikuwa nangoja unambie mwenyewe."

"Mbona hukuniuliza?"

"Si nilikuuliza? Kila Jumapili nakuuliza."

Mama akafunika uso.

"Basi na mie nikwambie langu," akasema Bibi. "Sijashuka kitandani tangu mfungo uishe. Tumbo limevimba, hospitali wamenirudisha nyumbani. Niliwakataza watu wa hapa wasikwambie. Niliwaambia, ana yake huyo, msimwongezee."

Alhamisi mama alipanda basi. Ni siku nyingi kwa barabara, Zimbabwe, Zambia, mpaka unashuka Tanga miguu imevimba. Mie niliachwa kwa yule fundi cherehani, aliyenipa godoro na wala hakuniuliza kitu. Kila alasiri nilikaa darasani juani, nikirudia maneno na wenzangu, nikimhesabia mama mipaka. Alimkuta Bibi bado anazungumza. Walipata wiki tisa pamoja, mpaka Bibi alipofariki.