Kidonge cha Saa Nane

Thyra Mølgaard hakuwa msahaulifu hata kidogo. Mwanamke aliyekata minofu ya samaki kiwandani miaka thelathini na moja bila kuchelewa hata asubuhi moja, leo umwambie kidonge kimempita? Wapi! Lakini ndivyo ilivyoandikwa kwenye faili lake, na aliyesababisha iandikwe hivyo ni yeye mwenyewe.

Mwezi Machi moyo ulimsumbua, akalazwa siku tisa. Alirudi nyumbani kwake, katika mji mdogo wa bandari huko Jutland, na dawa za aina tatu: ya moyo, ya presha, na ile ya kutoa maji mwilini, ambayo alitakiwa aimeze asubuhi na tena saa nane mchana. Zote zilipangwa kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku saba. Manispaa ikampa na kishikwambi, ili kila asubuhi muuguzi ampigie, amwone akimeza na akikague kisanduku.

Muuguzi huyo, Sidsel, alikuwa na dakika nne, tano zikizidi. Kwa dakika hizo Thyra aliamka alfajiri, akachana nywele, akavaa blauzi ya kutokea. Mumewe Aksel alikufa miaka sita iliyopita. Binti yao yuko Kanada, hupiga simu siku za kuzaliwa. Sidsel akishaaga, hapakuwa na sauti ya mtu mle ndani mpaka kesho yake. Redio ilikuwepo, lakini redio haikuulizi umelalaje.

"Thyra, wewe ni hodari," Sidsel alimwambia wiki ya tatu. "Hujakosa hata kimoja. Ijumaa tunakuacha ujitegemee."

"Ijumaa hii hii?"

"Eh! Si ufurahi? Utapumzika kuuona uso wangu wa usingizi."

Thyra akacheka, maana alitakiwa acheke. Kwao mtu haombi. Ukiulizwa hali unasema nzuri, hata kama roho inatoka. Kusema "endelea kunipigia, niko peke yangu" angeona haya kuliko kutoka nje uchi. Basi saa nane ilipofika alifungua kisanduku, akakitazama kidonge, akafunga.

"Mbona cha jana mchana kimo bado?" Sidsel aliuliza asubuhi.

"Ala! Kumbe? Uzee huu, jamani."

Ijumaa ikafutwa, akaongezewa wiki mbili. Alifurahi mpaka akajikaangia mayai. Wiki mbili zilipokaribia kwisha akasahau tena, kisha akawa anasahau karibu kila siku. Mwezi Mei miguu ikavimba, viatu vikakataa, na usiku akawa analala kitini, maana akijinyoosha pumzi inakata. Alijua vizuri anachokifanya. Aliogopa, na bado aliendelea.

"Hebu nionyeshe miguu," Sidsel alisema siku moja. Thyra akainamisha kishikwambi. "Mungu wangu! Thyra, unataka kufa?"

"Hapana," akasema Thyra, na ilikuwa kweli.

Siku hiyo hiyo alipelekewa daktari. Alhamisi Sidsel akapiga, safari hii hakuwa na utani.

"Manispaa wameamua. Kesho unaletewa mashine. Inatoa vidonge yenyewe, inakuita kwa sauti mpaka uvichukue."

"Na wewe?"

"Mimi sitapiga tena."

Hapo haya zikamwisha. "Sidsel, sijasahau hata siku moja. Nilikuwa naviacha makusudi, usije ukaacha kunipigia."

Sidsel alijifuta jicho kwa mkono wa sare. "Nilihisi," alisema. "Niliwaandikia pia. Niliandika huyu mama hana shida ya dawa, ni mpweke. Wakanijibu upweke hauko kwenye idara yetu."

Nyuma yake mtu alimwita. Akaaga haraka, kioo kikazima.

Saa nane kamili Thyra alifungua kisanduku, akakimeza kidonge chake kwa glasi nzima ya maji. Hata angekiacha, hakuna mtu ambaye angempigia.